Kibodi Mbili Zilizofuta Mvua

Kwa siku tisa nilikosa usingizi kwa sababu ya swali ambalo mtu mwingine angelimaliza kwa dakika moja. Ni nani aliyefuta picha za mvua? Kitufe cha kufuta nilikibonyeza mimi, kwa kidole cha mkono wa kulia, na hilo sikuwa na shaka nalo. Lakini kitufe kile peke yake kisingeweza kuleta maafa yale. Kilihitaji kitufe cha pili kiwe kimeshikiliwa wakati huohuo, na cha tatu kipigwe baada yake, na hivyo viwili havikuwa chini ya mikono yangu. Vilikuwa chini ya mikono ya mama mmoja aliyekaa kushoto kwangu, ambaye wala hakuwa anaangalia skrini. Nikilalia ubavu wa kulia nilijiambia kosa ni lake kwa theluthi mbili. Nikigeukia ubavu wa kushoto nilijiambia kosa halipimwi kwa mizani. Alfajiri ilipoadhiniwa nilikuwa bado nageuka.

Nilisoma kompyuta chuo kikuu, nikamaliza vizuri, kisha nikakaa nyumbani Makorora zaidi ya miaka miwili nikituma maombi ya kazi. Sikuwa mvivu. Tatizo langu ni kwamba barua moja ya maombi niliweza kuiandika siku nne, na siku ya tano tarehe ya mwisho ilikuwa imepita. Mama yangu mzazi alikuwa akisema, "Wewe ukiona kivuli chako unataka kwanza kikuonyeshe kitambulisho." Kwa hiyo nilipopata kibarua katika mradi mmoja kule Raskazone, kwenye nyumba ya zamani yenye kuta nene na madirisha yaliyoshikwa kutu ya chumvi, alitangaza mtaa mzima. Majirani wakataka kujua ni kazi gani. Nikawaambia tunaingiza kwenye kompyuta kumbukumbu za mvua za zamani.

"Mvua ya zamani?" akauliza jirani yetu anayekaanga mihogo. "Ile iliyokwisha nyesha?"

"Ndiyo."

"Mwanangu, ile imeshaingia baharini. Waambie hivyo, wasijisumbue."

Lakini wataalamu waliitaka. Zamani kila shamba la mkonge, na kila kituo hadi kule juu Amani, kilikuwa na karani aliyetoka asubuhi kwenda kwenye kopo la kupimia mvua, akasoma kiwango, akaandika kwenye daftari. Siku kwa siku, mwaka kwa mwaka. Madaftari yale yalikutwa kwenye ghala, yameliwa na mchwa, yameota ukungu. Mradi uliyapiga picha kurasa zote, kisha ukayachoma shimoni nyuma ya ofisi kwa sababu vumbi lake lilikuwa linawakohoza watu. Siku yanachomwa mimi nilikuwa na wiki moja kazini. Nilisimama barazani nikafikiri kwamba haifai kuchoma karatasi kabla picha hazijawekwa mahali pawili. Kisha nikafikiri kwamba mimi ni mgeni na wakubwa lazima wameshalifikiria hilo. Wakati nachagua la kusema, moto ulikuwa umeshawaka.

Tulikuwa wawili wa kuingiza tarakimu. Mwenzangu alikuwa amepita miaka hamsini na mitano. Kila mtu pale ofisini alimwita Mama, nami pia. Alikuwa katibu muhtasi kwa maisha yake yote, mpaka ofisi alizofanyia kazi zikafungwa moja baada ya nyingine. Alizaliwa kwenye kambi ya wafanyakazi wa mkonge upande wa Muheza, katika familia ya Kikatoliki iliyotoka mbali kuja kukata mkonge, na baba yake alipanda cheo hadi akawa karani. Ndiyo sababu mradi ulimchukua. Mwandiko wa makarani wa mashamba ulikuwa na mikunjo yake, na sisi vijana tuliosoma hatukuweza kutofautisha saba yao na moja yao. Yeye aliusoma kama mtu anayesoma barua ya shangazi yake.

"Huyu alikuwa mlevi," aliniambia siku ya kwanza, akinionyesha ukurasa.

"Umejuaje?"

"Tazama Jumatatu zake. Hakuna Jumatatu hata moja iliyonyesha."

Katika picha zile, daftari la baba yake lilikuwamo. Aliligundua wiki ya pili, tulipokuwa tunapitia picha kuona zipi hazikutikisika. Alisogeza uso karibu na skrini, akasema, "Huyu ni baba." Kisha akasema, "Hili tuliache la mwisho, binti. Tukifika kwake nitachapa mwenyewe, wewe utapumzika." Nikamkubalia. Alikuwa na haraka ya kufika na wakati huohuo hakutaka kufika. Mashamba yalikuwa kumi na moja, na tulikuwa tumeanza la tatu.

Hapo ndipo umeme ulipokatika mchana mmoja na kurudi kwa kishindo. Kompyuta moja kati ya mbili tulizokuwa nazo ikatoa harufu ya plastiki na haikuwaka tena. Mkuu wa mradi, bwana aliyekuwa muda wote anasubiri simu kutoka makao makuu, alitwambia tutumie iliyobaki kwa zamu. Tukajaribu zamu kwa siku mbili. Mmoja alipochapa, mwingine alikaa akihesabu mizunguko ya feni. Mimi nikaanza kuwaza kwamba mkuu akipita na kuniona nimekaa, atafikiri kwamba kazi hii inatosha mtu mmoja, na wa kuondoka ni aliyeingia mwisho, yaani mimi.

Basi nikatoa wazo. Kompyuta moja inaweza kupokea kibodi mbili na vipanya viwili. Nilichukua vya ile iliyokufa, nikatafuta kidude chenye matundu manne ya kuchomekea nyaya, nikaviunganisha vyote. Mama akawa na kibodi na kipanya chake kushoto, mimi changu kulia, skrini kubwa katikati yetu. Ilifanya kazi papo hapo, na nilijisikia mtu wa maana kwa mara ya kwanza tangu nivae joho la mahafali.

Inanibidi nieleze kitu kimoja, kwa sababu kila kilichofuata kimesimama juu yake. Kompyuta haina habari kwamba wachapaji ni wawili. Kila kibodi inaingia kwa tundu lake, na kwa muda mfupi sana mashine inajua herufi hii imetoka tundu hili na ile imetoka lile. Kisha inazimimina zote katika mkondo mmoja, kwa mpangilio zilivyofika, na kuanzia hapo alama ya zilikotoka imepotea. Kwake yeye kuna mtu mmoja tu mwenye mikono minne. Mmoja akishikilia kitufe cha herufi kubwa kwenye kibodi yake, na mwingine akagonga herufi kwenye yake, herufi hiyo inatoka kubwa. Mambo haya nilifundishwa darasani na kwenye mtihani niliyajibu vizuri. Ningeweza hata kuandika programu ndogo ya kukaa mlangoni na kurekodi kila herufi imetoka kibodi gani. Nilifikiria kufanya hivyo. Nikaona Mama atadhani nampeleleza, nikaacha.

Taabu yetu ya kwanza ilikuwa mshale. Vipanya viwili, mshale mmoja. Mimi nauvuta juu, yeye anauvuta chini, mshale unatetemeka katikati. Mama ndiye aliyepata dawa.

"Mshale ni mlango," akasema. "Anayetaka kuingia apige hodi."

Tukaanza hivyo. Nikitaka kushika kipanya nasema, "Hodi." Yeye akiwa hautumii mshale anasema, "Karibu." Akiwa anautumia anasema, "Ngoja nivae." Tulicheka siku ya kwanza. Siku ya tatu ilikuwa desturi, hatukucheka tena, tulipiga hodi kama watu wanavyopiga hodi. Walinzi walizoea kutusikia. Mmoja aliniuliza, "Dada, mle ndani mnaishi wangapi?"

Lakini kwa upande wa kibodi hatukupigiana hodi, na wala haikutujia akilini. Kibodi kila mtu alikuwa na yake, iko mbele yake, ina joto la mikono yake. Nani apige hodi chumbani kwake? Mimi niliyesoma nilijua kwamba vyumba vile viwili kwa kompyuta ni chumba kimoja, na bado mikono yangu iliamini niko kwangu.

Tulijiwekea utaratibu wa kazi. Mama alikuwa anasoma ukurasa, anaunakili kwa kalamu kwenye karatasi kwa mwandiko wake safi, kisha anauchapa kwenye jedwali huku macho yake yako kwenye karatasi. Katibu muhtasi wa zamani haangalii vidole wala skrini. Jina la mwezi alilichapa kwa herufi kubwa, na kama walivyofundishwa kwenye mashine za chuma, alikishikilia kile kitufe kwa kidole kidogo tangu herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Mimi, katika nafasi alizopumzika, nilifungua dirisha la picha, nikatafuta ukurasa uliofuata, nikafuta picha zilizotikisika.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Tulikuwa tunamaliza mapema ili kila mtu aende kwake. Niliona picha nyingine iliyotikisika, iko nje, kando ya folda kubwa tuliyoiita Mvua, ambamo mlikuwa na picha zote za madaftari. Nikasema, "Hodi." Mama akasema, "Karibu," kwa sababu mshale hakuwa anauhitaji. Nikabofya ile picha. Wakati huohuo yeye, macho kwenye karatasi, akaanza kuchapa MACHI. Herufi zake hazikwenda kwenye jedwali, kwa kuwa mimi nilikuwa nimeshatuhamisha sote kwenye dirisha la picha. Ile M ilipofika kwenye dirisha lile, kompyuta ikaruka yenyewe hadi kitu cha kwanza kinachoanza na M. Ilikuwa folda ya Mvua. Mimi nikabonyeza kitufe cha kufuta, nikidhani niko kwenye picha. Kidole kidogo cha Mama kilikuwa bado kimeshikilia cha herufi kubwa, na vitufe hivyo viwili vikishikwa pamoja, kitu hakipiti kwenye pipa la taka. Kinaondoka kabisa. Kompyuta ikauliza kama tuna uhakika. Mama akamaliza neno lake, mashine ikilia kwa kila herufi, akapiga enta, na kwa kompyuta enta ni ndiyo.

Nilisikia ile milio. Niliona kisanduku kikitokea na kutoweka, na mstari wa kijani ukikimbia.

"Mbona inalia?" Mama akauliza, akiinua macho.

Nilikuwa natazama mahali folda ilipokuwa.

Mtu atauliza kuhusu nakala. Nakala ilikuwa kazi yangu. Kila Ijumaa nilitakiwa kunakili picha zote kwenye diski ya nje aliyonipa mkuu. Diski ile ilikuwa imezunguka kwenye maduka ya kuchapisha mjini, nikaogopa ina virusi, nikaona kuichomeka bila kuikagua ni kuhatarisha kazi ya watu. Nikaiweka kwenye droo mpaka nitakapopata programu nzuri ya kuikagua. Nilikuwa nazilinganisha programu hizo bado. Ijumaa tatu zilikuwa zimepita. Kadi ya kamera nayo ilikuwa imeshasafishwa ili itumike kwingine.

Mama alipoelewa kilichotokea, kwa kadiri nilivyomweleza siku ile, ambayo ilikuwa nusu, alitazama vidole vyake. "Nimepiga enta," akasema. "Nilisikia inalia na nikapiga enta."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Ningesema maneno matano tu: kitufe cha kufuta nilibonyeza mimi. Badala yake nikasema, "Ngoja kwanza nijaribu kuzirudisha."

Nilijaribu kuanzia Jumapili hadi Jumatano. Diski za siku hizi zina tabia ya kujisafisha zenyewe, na kilichorudi kilikuwa vipande. Picha zilifunguka theluthi ya juu tu, chini yake kijivu kitupu. Ukurasa mmoja ulionyesha jina la shamba, mwezi, na mistari miwili ya kwanza ya tarehe. Mwingine ulionyesha kona ya daftari na kidole gumba cha aliyelishika. Mvua yenyewe, ile safu ya tarakimu, ilikuwa kwenye kijivu. Mama alikaa nyuma yangu kwa siku zote hizo akiwa na rozari mkononi, akiniomba nifungue na nyingine. Daftari la baba yake lilitoa kurasa nne. Kwenye mmoja lilionekana neno lililoandikwa pembeni, "manyunyu", bila siku yake. Aliuliza kama linaweza kuchapishwa. Nikamchapia. Alikunja ile karatasi mara mbili, akaitia kwenye mkoba.

"Alikuwa anatoka na kandambili," akaniambia. "Mvua inanyesha au hainyeshi, saa tatu kamili anakwenda kwenye kopo lake. Watu walikuwa wanamcheka. Wanamwambia, karani, hata leo kavu unaenda kupima nini? Anasema, napima kavu."

Kisha akasema, "Na mimi ndiye nimekuja kumfuta."

Niliendelea kutazama skrini.

Alhamisi, Mama alipokwenda kula, nilifanya jaribio. Nilitengeneza folda ya uongo, nikaipa jina linaloanza na M, nikaweka picha moja kando yake. Nikaketi katikati, mkono wa kushoto kwenye kibodi ya Mama, wa kulia kwenye yangu. Nikafanya kila kitu kwa mpangilio uleule. Folda ikatoweka bila kupita kwenye pipa. Nikarudia mara sita, nikitumaini mara moja itakataa. Kisha nikajaribu kitu kilekile kwa kibodi ya Mama peke yake, nikichapa MACHI na enta mara nyingi. Folda ikabaki pale pale, salama. Bila kidole changu, yeye angechapa mpaka jioni na mvua isingeguswa.

Kwa hiyo nilijua. Shaka ya kiufundi ilikwisha Alhamisi saa saba mchana. Kilichobaki hakikuwa shaka, ingawa nilikiita hivyo kwa kuwa shaka nimezizoea. Nilijiambia labda jaribio halithibitishi, kwa sababu siku ile mkono wake huenda ulikuwa mwepesi zaidi. Nilijiambia mkuu hataelewa maelezo ya mikondo na matundu. Nilijiambia Mama ana umri mkubwa, kazi kwake si mwanzo wa maisha, na mimi nikitoka hapa natoka nikiwa nimefuta kazi ya watu, nani atanichukua tena mtu wa kompyuta aliyefuta? Haya yote nilijiambia nikiendesha baiskeli kutoka Raskazone kurudi Makorora, na kila nilipofika nyumbani na kuulizwa habari za kazi, nilisema nzuri.

Ijumaa mkuu, ambaye Mama alikuwa ameshamwambia kwamba ndiye aliyepiga enta, alimwita Mama ofisini kwake. Mlango ulikuwa wazi, nilisikia. Hakuwa mkali. Alimwambia makao makuu wametuma fomu ya maelezo ya tukio, na inataka jina la aliyefuta. Alimwambia anaelewa, mashine hizi si za rika lake. Jumatatu aje atie sahihi. Atakayeandikwa kwenye fomu mkataba wake utakatishwa, na hatapewa barua ya kumtambulisha kwingine, huo ndio utaratibu. Mama akasema, "Sawa, Mkuu." Akatoka, akapita mezani kwangu, akanifungia begi langu lililokuwa wazi.

"Utaibiwa," akasema.

Jumamosi na Jumapili mama yangu mzazi aliona sili vizuri. Aliniuliza nini kinanisumbua. Nikamweleza kama jambo la mtu mwingine, rafiki wa kazini, jinsi watu wapumbavu wanavyofanya. Alisikiliza mpaka mwisho huku akichambua mchele.

"Na huyo rafiki yako anasubiri nini?"

"Anafikiria namna ya kueleza. Ni jambo gumu kueleza."

"Umenieleza mimi ambaye sijawahi kushika kompyuta," akasema, "na nimeelewa."

Sina hakika kama alijua. Hilo nalo nililifikiria usiku kucha.

Jumatatu nilifika mapema, nikakaa kwenye ngazi za barazani. Mama alikuja kwa bajaji, jambo ambalo hakulizoea, akiwa amevaa kitenge kizuri cha kwendea kanisani. Nikamwamkia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mbona umekaa chini, umefungiwa?"

"Mama, si wewe uliyefuta."

"Ni nani basi, jini?"

Nikamweleza. Nilianza vibaya, nikaanza tena. Nikamwambia kuhusu M iliyoruka, kidole chake kidogo, kidole changu, enta yake. Nikamwambia kuhusu jaribio la Alhamisi na folda ya uongo. Nikamwambia kuhusu diski iliyolala kwenye droo. Nilipomaliza aliuliza jambo moja.

"Ulijua lini?"

"Kidole changu nilikijua siku ileile. Hayo mengine, Alhamisi."

"Leo Jumatatu."

"Ndiyo, Mama."

Alitazama barabarani, mahali bajaji ilipokuwa imeshageuka kurudi mjini. "Siku tisa namwomba baba msamaha," akasema. "Nimekaa nyuma yako na rozari. Ulikuwa unanisikia?"

"Nilikuwa nakusikia."

"Na picha zitarudi?"

"Hazirudi."

"Basi umenipunguzia nini, binti?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, na kwa machozi pia. Kwa swali lile sikuwa nimejiandaa. Alinipita akaingia ndani. Nikasimama, nikamfuata, kisha nikampita kwenye ukumbi ili nifike kwa mkuu kabla yake.

Mkuu alikuwa ameiweka fomu mezani, na kalamu juu yake. Nilimweleza yote kwa mara ya pili asubuhi ile, na safari hii nilisema vizuri zaidi, jambo lililoniaibisha. Alinisikiliza akiwa ameshika simu yake. Mama alisimama mlangoni.

"Sasa unataka niandike nini?" mkuu akauliza. "Kwenye fomu pana nafasi moja ya jina. Siwezi kuwaandikia makao makuu kwamba ni kibodi mbili."

"Andika mimi."

"Umefikiri?"

"Sijafanya kitu kingine, Mkuu."

Aliweka simu chini. Sauti yake ikawa ya mtu anayetaka kunisaidia. "Dada, nikwambie ukweli. Huyu mama mkataba wake unakwisha kwa vyovyote. Hakuna cha kuchapa. Picha hazipo, madaftari hayapo, kazi yenyewe imekufa. Wewe naweza kukuhamishia kitengo kingine kwa kuwa umesomea kompyuta. Kwa hiyo kama unafanya hivi kwa ajili yake, haina haja. Haimwokoi."

Nilihisi akili yangu ikianza kazi yake ya kila siku. Kama haimwokoi, basi. Kama mkataba unakwisha kwa vyovyote, jina ni herufi tu. Na tena yeye mwenyewe ameuliza nimempunguzia nini. Na tena mama yangu. Na tena ile miaka miwili. Hoja zilikuja kwa foleni, kila moja imevaa vizuri, na sikuweza kuishinda hata moja. Nilimgeukia Mama. Alikuwa amesimama vilevile, mkoba kifuani, hakuonyesha kama anataka nitie sahihi au nisitie. Nilitambua kwamba kesho atakwenda kuomba kazi mahali pengine, na watauliza, na karatasi itajibu.

"Hiyo barua ya utambulisho," nikasema, "asiyeandikwa hapa anaipata?"

"Anaipata."

Nikavuta fomu. Sikuisoma mara mbili. Kwenye nafasi ya jina niliandika langu, herufi kubwa zote, nikatia sahihi chini yake na tarehe, nikamrudishia mkuu kalamu yake.